Daktari Anayeua: Kiriko wa Tezuka na Wajibu wa Kumsoma Mhusika ndani ya Msuko Wake

1. Utangulizi

Manga, yaani hadithi za Kijapani zinazosimuliwa kwa picha na maneno kwa pamoja, hazina uhaba wa madaktari. Wengi wao ni mashujaa wasio na utata: hupasua, huponya, hugombana na wakubwa wa hospitali, na mwishowe hushinda. Mwenye utata ni mwenzao anayewafuata kama kivuli, yaani daktari ambaye pia ni muuaji. Mhusika huyu hujitokeza katika kazi za miaka ya 1970, akarudi kwa sura nyingine katika miaka ya 1990, na hadi leo hajaondoka katika fikra za wasomaji.

Mfano wake mashuhuri ni Daktari Kiriko, aliyebuniwa na Tezuka Osamu katika mfululizo uitwao Black Jack, ulioanza kuchapishwa mwaka 1973. Kiriko amesomea utabibu, huwachunguza wagonjwa kama tabibu, na hupokea ujira kama tabibu. Lakini mgonjwa anayemwita huwa anataka kufa. Ndani ya hadithi hizo anajulikana kama mungu wa mauti aliyejivika umbo la mtu.

Kuhusu mhusika huyu kuna mielekeo miwili ya usomaji. Mwelekeo wa kwanza humwona kuwa jahili tu, aliyewekwa hadithini ili wema wa Black Jack ung'ae zaidi. Mwelekeo wa pili humwona kuwa msemaji wa ukweli mchungu, mtetezi wa haki ya kufa ambaye mwandishi alimtumia kutoa mawazo asiyothubutu kuyatamka waziwazi. Makala haya yanapinga mielekeo yote miwili. Hoja yake ni kwamba hukumu ya Tezuka juu ya Kiriko haimo katika maneno ya Kiriko wala katika maneno ya hasimu wake. Imo katika msuko, yaani katika namna matukio yanavyopangwa na kufikia mwisho. Msomaji anayemng'oa Kiriko katika msuko huo na kubaki na maneno yake pekee hasomi tena kazi ya Tezuka, bali anajitungia mhusika mwingine. Kwamba jambo hili si la kinadharia tu kumethibitishwa na matukio mawili yaliyotokea Japani, moja mwaka 1998 na jingine mwaka 2019.

2. Usuli: tabibu aliyeshika kalamu

Tezuka alizaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989. Aliingia masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 1945, mwaka ambao mji wa Osaka uliteketezwa kwa mabomu. Alimaliza masomo, akafaulu mtihani wa taifa wa madaktari, na mwaka 1961 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika tiba kwa utafiti wa chembe za uzazi za konokono. Hata hivyo, hakuifanya tiba kuwa kazi yake, kwani alikwisha kuchagua kuchora. Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Anayemchora daktari anayeua hapa ni mtu aliyekuwa na haki ya kutibu, aliyesimama kwenye mlango wa taaluma hiyo, akaiona kutoka ndani, kisha akatoka.

Tezuka hakuwa tabibu wa kwanza wa Kijapani kuliweka swali hili katika fasihi. Mori Ōgai (1862–1922), daktari wa jeshi aliyefikia cheo cha juu kabisa cha utabibu wa jeshi, alichapisha mwaka 1916 hadithi fupi ya Takasebune. Humo mtu maskini aitwaye Kisuke anasafirishwa kwa mashua kama mkosaji kwa sababu alimsaidia ndugu yake mgonjwa, aliyekwisha kujijeruhi, amalize kufa. Askari anayemsindikiza anashindwa kuamua kama tendo hilo ni uuaji au huruma, na hadithi inakwisha huku shaka ingali moyoni mwake. Ōgai hakutoa jibu. Alichofanya ni kumbebesha shaka hiyo mtu wa dola, yule ambaye kazi yake ni kutokuwa na shaka.

Upo pia usuli wa aina nyingine, wa giza zaidi. Msemo wa kale wa Kijapani huueleza utabibu kuwa ni sanaa ya huruma. Vita vya Pili vya Dunia viliuvunjia msemo huo heshima. Madaktari wa Kikosi cha 731 cha jeshi la Japani walifanya majaribio juu ya miili ya watu hai karibu na Harbin, kaskazini mashariki mwa China, na mwaka 1945 wanajeshi wa anga wa Kimarekani waliotekwa walipasuliwa wakiwa hai katika Chuo Kikuu cha Kyushu. Tukio hili la pili lilimpa Endō Shūsaku maudhui ya riwaya yake iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo jina lake, Umi to dokuyaku, lina neno lenye maana ya sumu. Neno hilo, dokuyaku, huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni sumu, na ya pili ni dawa. Mjuzi wa Kiswahili hatastaajabu. Katika Kiswahili kile kinachomponya mtoto na kile kinachoua panya vyote viwili huitwa dawa, na msikilizaji hutambua tofauti kwa kuangalia kinachofuata: dawa ya kikohozi, dawa ya panya. Maana ya dawa hutegemea muktadha. Kadhalika, kama itakavyodhihirika, maana ya Kiriko.

Kwa hiyo Black Jack ilipoanza kutoka katika jarida la wavulana la Shōnen Champion mwezi Novemba 1973, msomaji Mjapani hakuwa mgeni wa wazo la daktari anayeua. Alikuwa na picha mbili zake: daktari wa vitani aliyeua kwa amri, na mtu wa huruma aliyeua kwa kuombwa. Sheria nayo ilikuwa imeongeza picha ya tatu. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Nagoya, ikishughulikia kesi ya kijana aliyemuua baba yake mgonjwa kwa sumu iliyotiwa ndani ya maziwa, ilitaja masharti 6 ambayo yakitimizwa yote kifo cha namna hiyo kisingehesabiwa kuwa jinai. Sharti mojawapo lilitaka kwamba, kimsingi, tendo lifanywe kwa mkono wa daktari. Kwa maneno mengine, mahakama ilikwisha kuandaa kiti. Baada ya miaka 11 Tezuka alimleta wa kukikalia.

3. Usawiri wa Kiriko na hasimu wake

Kiriko ni mtu mrefu mwenye nywele nyeupe na kitambaa cheusi juu ya jicho moja. Zamani alikuwa daktari wa jeshi. Huko vitani aliwaona majeruhi wasioweza kupona wala kufa upesi, akawapa kifo, nao wakamshukuru. Kutokana na uzoefu huo alifikia imani kwamba tiba inayorefusha mateso ni ukatili uliovaa joho jeupe.

Black Jack naye si malaika. Jina lake la kuzaliwa ni Hazama Kuroo. Utotoni alilipukiwa na bomu lililokuwa halijalipuka, na mwili wake ukaungwa upya na daktari mpasuaji aitwaye Honma. Sehemu ya ngozi ya uso wake ilitolewa na rafiki yake wa utotoni mwenye asili ya watu weusi kwa upande mmoja, na Black Jack alikataa katakata kuibadilisha hata alipoweza. Hana leseni ya kutibu, na hudai malipo makubwa mno.

Kwa hiyo wahusika hawa wawili hawasimami kama nuru na giza. Wote wako nje ya sheria, wote hutaka fedha, wote waliumbwa na vita, na kila mmoja anajua vizuri kazi ya mwenzake. Mhakiki anayemwita Kiriko jahili anasahau kwamba vigezo vyote vya nje vinavyomtia hatiani Kiriko vinamtia hatiani Black Jack pia. Tofauti yao inabidi itafutwe mahali pengine.

Zaidi ya hayo, Kiriko si muuaji wa kukodiwa kwa maana ya kawaida. Ana masharti. Humchunguza mgonjwa, hutaka kujua kama matumaini yapo, na hungojea kuombwa. Katika hadithi mojawapo kijana asiye na ugonjwa usioponyeka, ambaye shida yake ni kutaka kufa tu, anamwendea, Kiriko anamkatalia. Katika nyingine, dawa yake ya kuua inaibwa na mwizi kijana na kumfikia mama wa kijana huyo. Kiriko na Black Jack wanashirikiana kukimbizana na saa, na mama anaokolewa. Kiriko hasikitiki kwamba kifo kimemkosa mtu. Anajitambulisha kuwa naye ni daktari, na kwamba uhai ukiokolewa hapana kilicho bora kuliko hilo. Hapa ndipo ubapa wa mhusika, unaodhaniwa na mwelekeo wa kwanza wa usomaji, unapovunjika. Kwa istilahi za uhakiki, Kiriko ni mhusika duara: hukua, hujipinga, na humshangaza msomaji bila kumdanganya.

4. Msuko kama hukumu

Hadithi mbili zinatosha kuonyesha jinsi Tezuka anavyohukumu kwa msuko.

Ya kwanza ndiyo inayomwingiza Kiriko katika mfululizo, na jina lake humaanisha madaktari wawili wa giza. Mama mmoja amepooza baada ya ajali na haoni tena faida ya kuwalemea watoto wake, hivyo anamwita Kiriko. Watoto nao, bila kujua, wanakusanya fedha na kumwita Black Jack. Mpasuaji anawahi, anapasua, anafaulu. Kama hadithi ingekomea hapo, ingekuwa ngano ya ushindi wa uhai. Lakini Tezuka anaongeza tukio moja: mama aliyepona na watoto wake wanakufa katika ajali ya barabarani. Kiriko anacheka. Black Jack anabaki akipiga kelele kwamba ataendelea kuponya watu hata hivyo, ili yeye mwenyewe apate kuishi.

Wasomaji wa mwelekeo wa pili hulichukua tukio hili kuwa ushahidi wa ushindi wa Kiriko. Usomaji huo ni wa haraka mno. Kicheko cha Kiriko hakithibitishi hoja yake, kwa kuwa ajali ya barabarani haina uhusiano wowote na kupooza. Kinachovunjwa na ajali hiyo ni dhana ambayo madaktari wote wawili wanaishirikiana: kwamba tabibu ndiye anayeamua mwisho wa mtu. Kiriko amenyang'anywa mgonjwa wake sawasawa na Black Jack. Hoja hii inaungwa mkono na kisa kingine cha mfululizo huo ambamo Honma, mzee aliyemuunga Black Jack, anafariki kwa uzee juu ya meza ya upasuaji ya mwanafunzi wake. Huko nako swali linaloachwa ni kama si kiburi kwa binadamu kutaka kuutawala uhai na mauti ya viumbe.

Hadithi ya pili ni nzito zaidi kwa sababu inamrudisha Kiriko nyumbani kwake. Baba yake anaumwa ugonjwa ambao chanzo chake hakijajulikana, na Kiriko amekata shauri kumpumzisha. Dada yake, Yuri, anakataa na kumwita Black Jack. Upasuaji unafanyika, na chanzo cha ugonjwa kinaonekana: kumbe kilikuwa kitu kinachotibika. Lakini Kiriko alikwisha kumpa baba yake sumu, na mzee anafariki.

Katika hadithi hii Kiriko ana nia njema isiyotiliwa shaka. Hakuna ujira, hakuna ukatili. Kuna mtoto anayemhurumia mzazi wake. Tezuka ameondoa kwa makusudi kila kitu ambacho kingemrahisishia msomaji kazi ya kumlaumu. Kinachobaki ni wakati. Kiriko alikosea kuhusu kesho, kama madaktari wanavyokosea kila siku, ila kosa lake halikuacha nafasi ya kusahihishwa. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Mganga anayeponya humwaga maji pia, lakini chini yake pana chombo: mgonjwa akibaki hai, kosa linaweza kuonekana, kuungamwa na kurekebishwa. Mganga anayeua hana chombo hicho. Hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya wahusika hawa wawili, na haipatikani katika mazungumzo yao hata mara moja. Inapatikana katika mpangilio wa matukio: sumu kwanza, uvumbuzi baadaye.

Kwa kuzitazama hadithi hizi mbili kwa pamoja, mtazamo wa Tezuka unajitokeza. Ya kwanza inamnyima Black Jack kiburi cha kuokoa. Ya pili inamnyima Kiriko kiburi cha kuhurumia. Hakuna anayebaki na neno la mwisho, lakini mizani haiko sawa. Black Jack anapoteza mgonjwa kwa ajali isiyo yake. Kiriko anapoteza baba kwa mkono wake.

5. Daktari muuaji baada ya Tezuka

Inasaidia kumlinganisha Kiriko na wahusika wawili waliomfuata, ili ionekane kwamba jina la daktari muuaji linafunika mambo tofauti.

Katika Monster ya Urasawa Naoki, iliyochapishwa kati ya 1994 na 2001, Tenma Kenzō ni mpasuaji wa ubongo Mjapani anayefanya kazi Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 1986 anakaidi amri ya wakubwa wake, anamwacha meya na kumpasua mtoto aliyefika kwanza akiwa na risasi kichwani. Mtoto huyo, Johan, anakua na kuwa muuaji wa watu wengi. Tenma anaiacha kazi na kubeba bunduki ili amuue aliyemponya. Riwaya nzima ya picha, yenye juzuu 18, inaegemea swali la kama daktari anaweza kuigeuza nafsi yake kuwa ya muuaji, na jibu ni kwamba hawezi: mwishoni Tenma anampasua Johan kwa mara ya pili na kumwokoa tena. Hapa uuaji ni azma isiyotimia, na utabibu ndio unaoshinda.

Katika GetBackers, iliyoandikwa na Aoki Yūya na kuchorwa na Ayamine Rando kuanzia mwaka 1999, mambo yamegeuka. Akabane Kurōdo, anayejulikana kama Daktari Jackal, ni mchukuzi wa mizigo ya siri anayeua kwa raha. Huvaa koti refu jeusi na kofia, na silaha zake ni visu vya upasuaji anavyovificha mwilini mwake. Aliwahi kuwa daktari. Lakini katika mapambano yanayompa umaarufu, utabibu wake umebaki kuwa pambo: kisu kimehifadhiwa, uchunguzi wa mgonjwa umetoweka. Hana mgonjwa, ana maadui tu. Akabane anavutia kwa wasiwasi anaouleta na kwa adabu yake ya kutisha, na hakuna ubaya wowote katika fasihi pendwa kutafuta mvuto huo. Hata hivyo, swali alilouliza Kiriko haliulizwi tena hapa.

Kutokana na ulinganisho huu zinapatikana aina tatu: daktari anayeua kwa huruma, daktari anayetaka kuua kwa ajili ya haki akashindwa, na muuaji aliyewahi kuwa daktari. Kigezo cha kuzitenganisha si idadi ya maiti. Ni kama mgonjwa yumo hadithini. Penye mgonjwa, uuaji wa daktari ni tatizo la kimaadili. Pasipo mgonjwa, ni mtindo tu wa mavazi na silaha.

6. Mhusika anapong'olewa hadithini

Mwezi Desemba 1998 mtu mmoja nchini Japani, ambaye hakuwa daktari, alijulikana kwa kutumia jina la Daktari Kiriko katika mtandao wa intaneti, ambako aliwashauri watu waliokata tamaa. Aliwapelekea baadhi yao sumu. Mwanamke mmoja akafa, na mtu huyo naye akajiua. Mwezi Novemba 2019, mjini Kyoto, mwanamke aliyeugua ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli yote ya mwili aliuawa nyumbani kwake na madaktari wawili waliofahamiana naye kupitia mtandao, baada ya kulipwa yeni milioni 1.3. Hawakuwa madaktari waliokuwa wakimtibu. Vyombo vya habari vya Japani viliripoti kwamba mmoja wao aliwahi kuandika kuhusu kuvutiwa kwake na Daktari Kiriko. Mwezi Machi 2024 Mahakama ya Wilaya ya Kyoto ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka 18.

Si haki kumlaumu Tezuka kwa matukio haya, na makala haya hayafanyi hivyo. Kinachopasa kuangaliwa ni aina ya usomaji unaoyatangulia. Kiriko wa 1998 alimpelekea sumu mtu asiyemchunguza, wakati Kiriko wa Tezuka hata kijana aliyesimama mbele yake alimkatalia. Kiriko wa 2019 alikuja, akaua, akaondoka. Kiriko wa Tezuka aliona chanzo cha ugonjwa wa baba yake kikifichuliwa baada ya sumu kuingia, na akalazimika kuishi na jambo hilo. Kila kinachomfanya Kiriko kuwa daktari, yaani uchunguzi, kusita, kukosea na kuonyeshwa kosa lake, kimeondolewa. Kilichosalia ni jina, kitambaa cha jichoni na ruhusa. Muuaji huyo hakuumbwa na mwandishi, aliumbwa na msomaji.

Mwaka 1995 Mahakama ya Wilaya ya Yokohama, katika kesi ya daktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Tokai aliyemdunga mgonjwa mahututi sindano ya kuua mwaka 1991, ilimtia daktari huyo hatiani kwa mauaji na kumpa kifungo kilichoahirishwa. Ilitaja masharti 4: maumivu ya mwili yasiyovumilika, kifo kisichoepukika kilichokaribia, kumalizika kwa njia zote za kutuliza maumivu, na kauli ya wazi ya mgonjwa mwenyewe. Katika kesi hiyo mgonjwa hakuwa na fahamu wala hakuomba. Ndugu ndio walioshinikiza. Yafaa izingatiwe kwamba masharti haya yote ni ya muktadha. Hakuna hata moja linaloweza kujibiwa kwa kumtazama daktari peke yake. Mahakama na msimulizi, kila mmoja kwa njia yake, wanasema jambo moja: huwezi kujua tendo ni nini mpaka ulirudishe katika matukio yaliyolizunguka.

7. Pingamizi mbili

Inaweza kupingwa kwanza kwamba msomaji yu huru, na kwamba maana haimilikiwi na mwandishi. Pingamizi hili ni la haki, lakini haligusi hoja iliyotolewa. Makala haya hayamtaki msomaji atii nia ya Tezuka. Yanamtaka asome hadithi yote. Kuna tofauti kati ya kufasiri hadithi upya na kuikata kiungo. Anayesema kwamba hadithi ya baba na sumu inamtetea Kiriko atakuwa ametoa fasiri ya ajabu, lakini fasiri hata hivyo, na anaweza kubishaniwa kwa ushahidi wa matini. Asiyeitaja kabisa hajafasiri chochote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inaweza kusemwa kwamba kusisitiza kosa lisilorekebishika ni njia ya adabu ya kuwanyamazisha wanaoteseka. Mgonjwa wa Kyoto aliomba mwenyewe, na ugonjwa wake haukuwa na dawa. Je, tumaini la uvumbuzi wa kesho si anasa ya mwenye afya? Pingamizi hili lisipuuzwe, na ndilo linalomfanya Kiriko adumu. Tezuka mwenyewe hakulipuuza. Angetaka kulipuuza, asingemfanya Kiriko awe na mantiki wala kumpa kumbukumbu ya majeruhi walioshukuru. Black Jack anahitaji kuwa na Kiriko karibu naye, la sivyo ushujaa wake wa kuponya utageuka kuwa mchezo wa mpasuaji mwenye mikono mahiri asiyesikia maumivu ya aliyelala mezani. Lakini kukiri kwamba swali ni la haki si sawa na kusema kwamba kila anayejitokeza kulijibu ana haki ya kulijibu. Aliyeomba alikuwa na ukweli wake. Waliomwendea kwa malipo, bila kumtibu hata siku moja, hawakuubeba ukweli huo.

8. Hitimisho

Daktari muuaji ni mhusika mwenye thamani katika fasihi ya picha ya Kijapani kwa sababu anakusanya ndani ya mwili mmoja mambo ambayo jamii hupenda kuyatenganisha: ujuzi na mamlaka, huruma na kiburi, dawa na sumu. Kiriko ndiye mfano wake ulio kamili zaidi, kwani mgonjwa hajawahi kutoweka mbele ya macho yake. Akabane amempoteza mgonjwa, na Tenma amempata tena kwa gharama kubwa.

Wahakiki wa manga wamezoea kutafuta dhamira katika yanayosemwa na wahusika, hasa maneno makali yanayonakiliwa kwa urahisi. Zoezi hilo halifai kwa Tezuka, aliyeandika hadithi fupi zilizokamilika wiki baada ya wiki, ambamo kurasa mbili za mwisho zinaweza kupindua zote zilizotangulia. Katika kazi ya namna hiyo, kunukuu kauli ya mhusika bila kutaja mwisho wa kisa ni sawa na kumpa mtu chupa iliyobanduliwa karatasi yake. Huenda ndani mna dawa ya kikohozi, na huenda mna dawa ya panya. Wajibu wa mhakiki, na wa mwalimu anayewafundisha wahakiki wajao, ni kuirudisha karatasi hiyo mahali pake kabla ya chupa kupita mkononi mwa mwingine.